Nyeusi kwa nyeusi: sensa ya oksijeni na nyaya zake nne

Taa ya injini kwenye dashibodi ya gari langu iliwaka Jumatatu moja asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya lango la shule nikimsubiri askari afungue. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2004, na wakati huo lilikuwa limeshatembea kilomita 190,000 na ushee. Halikutetemeka, halikupungua nguvu wala halikutoa mlio mgeni, na kwa sababu hiyo niliendelea kuliendesha kwa wiki tatu bila kujali, kama tufanyavyo wengi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, ambako mtu anayelalamikia taa hiyo ya njano huambiwa aibandike kipande cha plasta ili isimsumbue macho usiku.

Kilichonishtua hatimaye kilikuwa petroli. Nina desturi ya kujaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha kuandika lita na kilomita kwenye daftari ninaloliweka chini ya kiti. Daftari hilo lilinionyesha kwamba gari lililozoea kwenda kilomita 13 kwa lita sasa lilikuwa linakwenda tisa, na mara moja nane na nusu. Nilipopitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi, kilitoka na masizi meusi makavu, laini kama ya kibatari. Moshi mweusi haukuonekana kwa macho, lakini mke wangu alikuwa ameshalalamika kwamba nguo zilizoanikwa karibu na mahali ninapoegesha zinanuka petroli kila ninapowasha gari asubuhi.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alifungua boneti, akachomoa waya wa betri, tukazungumza habari za mvua kwa muda wa robo saa, akaurudisha, na taa ikawa imezimika. Nilimlipa elfu kumi. Siku ya nne taa ikawaka tena. Kuchomoa betri hufuta kumbukumbu ya kompyuta inayoongoza injini, na pamoja na kosa lililoandikwa hufuta pia marekebisho yote ya mafuta ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza, lakini ugonjwa hubaki palepale ukingoja kompyuta iupime upya. Wa pili, bila kupima chochote, alinishauri tukate masega, yaani kile kichungi cha ekzosi chenye matundu kama ya sega la nyuki, kwa maelezo kwamba masega yakizeeka huziba. Sikukubali. Masega yana platini, paladiamu na rodiamu ndani yake, na yapo wanunuzi wanaoyatafuta kwa bidii. Fundi akikuhimiza sana uyaondoe, ni halali kumuuliza yatakwenda wapi.

Wa tatu ni mzee mmoja mwenye gereji ya mabati matatu karibu na barabara ya Malaba, ambaye ana skana ndogo ya mkononi, yaani kifaa cha kusoma makosa yaliyoandikwa na kompyuta ya gari, na, jambo lililo adimu zaidi, ana mita ya umeme yenye betri nzima. Alichomeka skana chini ya usukani, akasoma, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: P0135. Kisha akasema, "Mwalimu, usinunue kitu kwanza. Hii imekuambia uangalie wapi, haijakuambia kimeharibika nini."

P0135 maana yake ni kosa katika saketi ya heta, yaani kipasha joto, cha sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachopima oksijeni katika moshi wa ekzosi: upande wa kwanza wa injini, sensa ya kwanza. Injini ya silinda nne zilizopangwa katika mstari mmoja kwa kawaida huhesabiwa kuwa ina upande mmoja, kwa hiyo hapo hapakuwa na la kutafuta: sensa ya kwanza ni ile iliyo kwenye bomba kabla ya masega, na ya pili ni ile iliyo baada yake. Hiyo ya kwanza ndiyo inayoiongoza kompyuta katika kupima mafuta. Ya pili kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega bado yanafanya kazi, na ndiyo maana kosa la P0420, ambalo watu wengi hulitibu kwa kununua sensa ya pili, mara nyingi huwa ni habari ya masega yenyewe, au ya masega yaliyokwisha kuuzwa zamani na mwenye gari wa awali.

Nieleze kidogo jinsi sensa hii inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo vipimo vinavyofuata vitaonekana kama uganga. Ndani ya ncha yake kuna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platini nje na ndani. Upande wa nje unapigwa na moshi wa injini, na upande wa ndani unapata hewa ya kawaida. Kauri hiyo ikipata joto la nyuzi 300 za Selsiasi au zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande zake mbili huzaa umeme mdogo: moshi ukiwa na oksijeni kidogo, yaani petroli imezidi, utasoma volti 0.8 au 0.9, oksijeni ikiwa nyingi, yaani petroli imepungua, utasoma karibu 0.1. Mpaka kati ya hali hizo mbili uko kwenye 0.45 hivi, pale ambapo uzito wa hewa ni mara 14.7 ya uzito wa petroli. Kompyuta husoma namba hiyo, ikapunguza mafuta, ikaona imepita kiasi, ikaongeza, ikapunguza tena, na kwa hiyo sensa nzima haitulii. Hupanda na kushuka muda wote injini ikiwa moto. Bosch ndiyo iliyoileta sensa ya namna hii katika magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani mwaka 1976, na kanuni yake haijabadilika sana tangu hapo. Kilichoiua mapema kwetu kwa miaka mingi ni risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzoni mwa 2006.

Sasa, heta. Kauri ikiwa baridi haitoi habari yoyote ya maana, na kompyuta isipopata habari hurudi kwenye hesabu za kukadiria, ambazo huelemea upande wa mafuta mengi ili injini isizime. Heta ndogo iliyo ndani ya sensa huipasha ncha hiyo joto kwa muda mfupi badala ya kuisubiri ekzosi ifanye kazi hiyo. Nyumbani kwangu hadi shuleni ni kilomita tatu. Nikajua ni kwa nini daftari langu lilikuwa linalia: kila safari yangu ilikuwa inakwisha kabla sensa haijaamka.

Mzee alitaka kuliona jambo hilo badala ya kuliamini tu, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Tuliacha skana imechomekwa, ikionyesha volti za sensa ya kwanza, tukatoka. Ndani ya mji, katika msongamano wa boda boda na malori ya saruji, namba ilikaa kwenye 0.4 bila kusogea, kama saa iliyosimama. Tulipoingia barabara ya Mbale na kuendesha kilomita kama kumi kwa mwendo wa 80, namba ikaanza kucheza: 0.2, 0.7, 0.3, 0.8. Tuliposimama kando ya barabara injini ikiwa inaunguruma bila gari kwenda, baada ya dakika chache ikarudi kulala. Kauri ilikuwa bado na uhai. Moshi wa moto wa mwendo mrefu ulikuwa unaifanyia kazi ambayo heta ilishindwa kuifanya.

Lakini bado hatukujua kama heta yenyewe imekatika au haipati umeme. Fyuzi ikiungua, au waya ukiyeyuka kwa kugusa bomba, kosa litakaloandikwa ni hilohilo. Tulisubiri injini ipoe, tukachomoa soketi ya sensa. Nyaya zilizotoka kwenye sensa yangu zilikuwa nne: mbili nyeusi, mmoja wa bluu na mmoja mweupe. Mbili zenye rangi moja ndizo za heta. Mzee aliweka mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, na kugusa pini zake mbili. Heta nzima ya sensa nyingi za aina hii husoma omu chache, tuseme kati ya tano na ishirini, lakini mita yetu ilionyesha kwamba hakuna njia kabisa. Kisha akageukia upande wa gari, akaniambia niweke ufunguo kwenye hatua ya pili bila kuwasha, akapima pini moja ya heta dhidi ya bodi na kupata volti 12.3. Umeme ulikuwa unafika. Kilichokatika kilikuwa ndani ya sensa, mahali ambapo hakuna bisibisi inayoweza kuingia.

Vipimo hivyo viwili havikuchukua dakika kumi. Naviandika kwa urefu kwa sababu wiki hiyohiyo mwenzangu wa chumba cha walimu alikuwa amebadilisha sensa kwa ajili ya kosa la P0171, linalosema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi, na taa yake ilikuwa imerudi kabla ya Ijumaa. Sensa yake ya zamani haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inasema kweli. Mpira unaopeleka hewa kwenye injini ulikuwa umepasuka upande wa chini, hewa ikaingia bila kupimwa, na sensa ikaripoti ilichokiona. Ufa kwenye ekzosi kabla ya sensa au plagi isiyochoma vizuri vinaweza pia kuidanganya, kwa sababu oksijeni isiyotumika hufika kwenye ncha na kompyuta ikadhani petroli ni kidogo, ikaongeza.

Hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe. Badala ya kumsikiliza mzee aliyeniambia nitafute sensa mpya ya namba ileile, nilinunua iliyotumika kutoka duka moja mjini kwa shilingi 60,000. Ilikuwa imekatwa nyaya, haina soketi, na muuzaji alinihakikishia kwamba inaingia kwenye gari lolote. Mzee hakuwapo siku hiyo, akawapo kijana wake, mchangamfu na mwepesi wa mikono. Alikata soketi ya sensa yangu ya zamani pamoja na kipande cha nyaya zake ili aiunge na ile niliyoileta, akaanza kuzisokota. "Nyeusi kwa nyeusi, Mwalimu, nyeupe kwa nyeupe, haina shida."

Niliziangalia nyaya za ile sensa ya dukani. Zilikuwa mbili nyeupe, mmoja mweusi na mmoja wa kijivu. Upande wa soketi yangu kulikuwa na mbili nyeusi, mmoja wa bluu na mmoja mweupe. Ukizitazama haraka utaona kuna nyeusi na nyeupe pande zote mbili na utaridhika. Nilimwomba asubiri, nikachukua mita ya mzee, nikapima kila jozi ya ile sensa ngeni, na jozi pekee iliyosoma omu chache ilikuwa ni zile mbili nyeupe. Kumbe watengenezaji wana desturi tofauti: katika sensa nyingi za Denso heta huwa na nyaya nyeusi, waya wa bluu ukibeba ishara na mweupe ukiwa wa kurudishia, katika nyingi za Bosch heta huwa na nyaya nyeupe, waya mweusi ndio wa ishara na wa kijivu ndio wa kurudishia. Kwa muungo wa nyeusi kwa nyeusi, volti 12 za heta zingeweza kuingizwa katika waya wa ishara uliozoea volti isiyofika moja, na heta ingeunganishwa na waya wa kurudishia ishara unaoelekea kwenye kompyuta. Kijana alinyamaza, akazifungua taratibu. Simlaumu sana, rangi za nyaya za taa na za redio zimemfundisha hivyo.

Kwa kuwa tulikuwa tumeshaanza kuishuku, tuliipima kabla ya kuifunga. Tuliibana kwenye jiliwa, tukaunga mita kwenye waya mweusi na wa kijivu, tukaielekezea ncha mwale wa tochi ya gesi wanayotumia kuunganishia mabomba ya shaba. Ndani ya mwale wa moto oksijeni ni kidogo, kwa hiyo sensa nzima ikishapata moto hupanda mpaka 0.8 au zaidi, na ukiondoa moto hushuka mara moja. Hii yetu ilipanda kwa uvivu mpaka 0.5, na tulipoondoa moto ilichukua muda wa kuhesabu mpaka kumi ndipo ikashuka. Ncha yake, ambayo nilikuwa sikuiangalia vizuri dukani, ilikuwa na ukungu mweupe kama wa unga. Masizi meusi kwenye ncha ni dalili ya mafuta mengi na si kifo. Weupe wa namna hiyo mara nyingi hutokana na silikoni, au na maji ya rejeta yanayovuja ndani ya silinda, na huo haufutiki. Silikoni hiyo hutoka kwenye ile gundi ya gasketi ambayo mafundi wetu huipaka kila mahali kama siagi kwenye mkate. Ipo iliyoandikwa kwamba haidhuru sensa, na ndiyo ya kuulizia. Elfu sitini zangu zilikuwa zimekwenda.

Niongeze hapa kwamba kipimo cha moto na cha volti kinafaa kwa sensa ya zirkonia ya kawaida tu. Magari mengi ya baadaye yana aina nyingine kabla ya masega, inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa mkondo wa umeme, na hiyo ukiitafutia volti za kupanda na kushuka kwa mita utaihukumu kuwa imekufa wakati ni nzima. Mwenye Toyota anaweza kuzitofautisha kwa namba ya kipuri: ya kawaida huanza na 89465, na ile nyingine huanza na 89467. Moja haiwekwi mahali pa nyingine hata kama uzi na soketi vinalingana.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Kampala, nikiwa na sensa ya zamani mfukoni imefungwa gazeti, na katika vichochoro vya soko la vipuri la Kisekka nikazunguka saa mbili mpaka nikapata mpya, yenye soketi yake na namba inayolingana na yangu herufi kwa herufi, kwa shilingi 240,000. Wauzaji watatu kabla ya huyo walinipa zenye soketi inayofanana lakini namba tofauti. Sababu nyingine ya kutaka yenye soketi yake ni kwamba sensa nyingi huvuta ile hewa ya ndani kupitia kwenye nyaya zenyewe, kati ya nyuzi za shaba na ganda la plastiki. Ukiunga kwa kuyeyusha bati, au ukizijaza grisi, unaweza kuiziba pumzi. Ikibidi kuunga, nyaya hubanwa kwa vibano.

Kuifungua ya zamani siku zile za mwanzo ndiyo kazi iliyotutoa jasho kuliko zote. Ilikuwa imekaa mahali pake miaka ishirini, ikipikwa na kupoa, ikilowa matope mekundu, na uzi wake ulikuwa umeshikana na bomba. Mzee aliipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, akayarudia asubuhi, kisha akawasha injini kwa dakika chache ili bomba livimbe kidogo, akaizima, akavaa glavu na kuivuta kwa spana namba 22 yenye mdomo uliofungwa, iliyopasuliwa upande mmoja kupitisha nyaya. Ililegea kwa mlio mkali wa kukata, nami nikadhani uzi umekwenda na bomba. Hapana, uzi ulikuwa mzima.

Mpya ilikuja na grisi yake ya kijivu kwenye uzi, ya kuzuia isishikane tena. Mzee hakuongeza kitu, akaiingiza kwa vidole mpaka ikakaa, akamalizia kwa spana bila kuning'inia juu yake. Alinionya nisiguse ncha kwa vidole vyenye mafuta, na alifunga nyaya kwa kibanio mbali na bomba, mahali pake pa awali, kwa maana waya ukigusa ekzosi utarudi kwenye P0135 kwa njia nyingine. Kisha akafuta kosa kwa skana, bila kuigusa betri.

Namba ya skana ilianza kucheza tukiwa bado tumesimama uani, hata dakika moja haijatimia tangu kuwasha. Siku tatu baadaye nilimrudia aangalie marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, ambayo kwa injini yenye afya hukaa karibu na sifuri, akakuta asilimia 2 tu. Tangi la kwanza lilinipa kilomita 11 na nusu kwa lita, la pili 12.8, na la tatu, ambalo lilikuwa na safari moja ya Mbale ndani yake, likafika 13.4. Plagi tulizitoa tukazisafisha masizi, na nguo za kamba ya nyuma hazijanuka tena. Ile sensa ya elfu sitini nilimwachia kijana wa gereji. Ameipachika ukutani juu ya jiliwa, na chini yake ameandika kwa chaki rangi za nyaya za pande zote mbili.